Raha ya Busu Inatoka Wapi?

Mdomo wako wa juu na wa chini hugusana mchana kutwa. Hugusana unaponyamaza, unapotafuna, unapotamka neno lolote lenye b au m, na wala huhisi chochote cha kusimulia. Midomo hiyo hiyo ikikutana na ya mtu unayempenda, hata kwa kitambo kidogo, moyo unakwenda mbio, pumzi inakatika na magoti yanalegea. Ngozi ni ile ile. Joto linakaribia kuwa lile lile. Kilichobadilika ni nini?

Wengi hujibu kwa neno moja: mapenzi. Wengine wana neno lao: homoni. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatuambii kwa nini mtu yule yule, na mapenzi yale yale, busu lake la leo linakupandisha mawinguni na la kesho linapita bila kuacha kitu. Wala hayatuambii kwa nini wapenzi hawabusiani mara moja wakamaliza. Husogeleana wakarudi nyuma, hukwepana makusudi, huibiana mabusu, hucheka katikati, hukatiza ili waanze upya. Mimi naamini jibu limo ndani ya mchezo huo wenyewe. Raha ya busu, kwa sehemu kubwa, ni raha ya kutojua mwenzako atafanya nini muda mfupi ujao, huku ukijua kwa yakini kwamba uko salama mikononi mwake. Nusu hizo mbili hutegemeana. Busu likikosa ladha, mara nyingi moja kati yake imetoweka.

## Ubongo haujishtukizi

Jitekenye ubavuni. Hucheki. Akikutekenya mtu mwingine pale pale, unaruka. Mwaka 1998 Sarah-Jayne Blakemore na wenzake jijini London walichunguza ubongo wa watu waliokuwa wakiguswa kiganjani, mara kwa mkono wao wenyewe, mara kwa mkono wa mtafiti. Wakakuta kwamba eneo la ubongo linalopokea mguso hutulia zaidi mtu anapojigusa mwenyewe. Kila unapouamrisha msuli, ubongo, ukisaidiwa na sehemu yake ya nyuma iitwayo serebela, hubashiri mguso utakaotokea na kuupunguza makali kabla haujafika. Bila utaratibu huo tungekuwa tunashtuka kila tunapojikuna.

Baadaye kundi hilo lilitumia roboti. Mtu alisogeza kifaa kwa mkono mmoja, na roboti ikamgusa mkono wa pili kwa kuufuata mwendo huo. Roboti ilipofuata papo hapo, mtekenyo ulikuwa hafifu. Ilipocheleweshwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, au mwelekeo wake ulipopindishwa kidogo, mguso ule ule ukaanza kutekenya. Hebu fikiri maana yake kwa wapenzi: kati ya mguso uliopoa na mguso ulio hai, tofauti inaweza kuwa kuchelewa kusikofika hata nusu ya sekunde.

Midomo yako inapogusana yenyewe, ubongo umekwisha kupata taarifa mapema. Midomo ya mwenzako haimo katika hesabu hiyo. Hujui itatua kwa uzito gani, itakaa muda gani, itaelekea juu au chini, itafunguka au itabaki imefumba. Kila dalili ni habari mpya, na imeangukia mahali ambapo mwili wako hupokea habari kwa umakini wa ajabu.

Ngozi ya midomo ni nyembamba kuliko ya shavu. Haina vinyweleo wala tezi za jasho, na wekundu wake unatokana na mishipa ya damu iliyo karibu sana na uso. Chini yake ncha za neva zimejazana. Mjerumani Ernst Heinrich Weber alilipima jambo hili kwa bikari na kuandika matokeo yake mwaka 1834: ncha mbili zikigusa mgongo, hutazihisi kuwa mbili mpaka ziachane kwa sentimita kadhaa. Kwenye midomo zinatosha milimita chache, na kwenye ncha ya ulimi ni kama milimita moja tu. Karne moja baadaye, mjini Montreal, daktari mpasuaji Wilder Penfield aligusa kwa umeme hafifu ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, nao wakamweleza walihisi nini na wapi. Ramani iliyotokana na kazi hiyo inaonyesha midomo ikimiliki eneo kubwa la ubongo kuliko kiwiliwili chote.

Watu husoma mambo haya wakahitimisha kwamba midomo inahitaji kuguswa kwa nguvu. Ni kinyume chake. Kiungo kinachotofautisha milimita mbili kinapenda mambo madogo: mtetemo, pumzi ya joto, ukavu unaogeuka unyevu, mdomo unaofunguka kidogo ukasita. Shinikizo kubwa linafunika yote hayo. Anayegandamiza kwa bidii, akidhani bidii ndiyo mapenzi, anamnyima mwenzake sehemu tamu zaidi, naye mwenyewe anajinyima.

Kufumba macho nako kuna sababu yake. Mwaka 2016 Sandra Murphy na Polly Dalton, watafiti wa Uingereza, waliwapa watu kazi ya kutafuta herufi kwenye skrini huku mkono wao ukitetemeshwa mara moja moja. Kadiri macho yalivyoshughulishwa zaidi, ndivyo watu walivyokosa kuuhisi mtetemo. Hapakuwa na busu katika jaribio hilo, lakini jambo lenyewe linaeleweka: umakini una mipaka, na macho ni mlafi. Ukiyafumba, midomo inapata haki yake. Pua pia inapata yake, maana katika umbali huo kila pumzi inabeba harufu ya ngozi ya mwenzako, na wapo watu katika jamii nyingi wanaoeleza mapenzi kwa kuvuta harufu ya shavu kuliko kwa kugusanisha midomo.

## Muda mfupi kabla ya busu

Nyuso mbili zimekaribiana mpaka macho hayawezi tena kuuona uso mzima. Pumzi ya mmoja inamfikia mwingine. Mmoja anasogea kidogo, anasimama. Mwingine anasubiri, kisha yeye ndiye anayesogea, halafu anakwepesha mdomo kwa ukucha mmoja tu, anatabasamu. Bado hakuna aliyembusu mwenzake, na tayari miili yote miwili imeamka.

Mwaka 2003 watafiti Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Wolfram Schultz walichapisha kazi inayosaidia kueleza muda huo. Waliwafundisha nyani kwamba picha fulani huleta tone la juisi, nyingine haileti kitu, na nyingine huleta juisi mara nusu tu ya nyakati zote. Kisha wakasikiliza seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusiana na hamu na tuzo. Nyani alipokuwa na hakika ya kupata, au hakika ya kukosa, seli hazikuwa na la kufanya wakati wa kusubiri. Alipokuwa hajui, zilizidi kuchangamka polepole mpaka sekunde ya mwisho. Shauku ilikuwa imejaa pale palipokuwa na nafasi sawa ya ndiyo na hapana.

Mapenzi ya watu yana mengi kuliko matone ya juisi, na sitaki kuyapunguza yakawa seli. Hata hivyo kanuni hii inaonekana wazi kwa yeyote aliyewahi kusogezewa uso na mpenzi wake, kisha mpenzi akabusu pembeni mwa mdomo badala ya mdomo wenyewe. Busu la pembeni ni ahadi iliyoahirishwa. Linasema nitakuja, bila kusema lini. Wanaoruka hatua hii ili wafike haraka wanatupa sehemu ambayo mwili ulikuwa umeiandalia sherehe kubwa kuliko tukio lenyewe.

Wahenga wa mapenzi waliujua mchezo huu. Vatsyayana, Mhindi aliyekusanya Kama Sutra zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, aliandika juu ya kamari ya mabusu: wapenzi wawili huwekeana dau, nani atakayewahi kuunasa mdomo wa chini wa mwenzake. Mwanamke akishindwa, ajifanye analia, amsukume mwanamume, abishe, adai warudie. Akishindwa tena, azidishe malalamiko. Kisha mwanamume akiwa ameghafilika au amelala, mwanamke aunase mdomo wake wa chini kwa meno ili usiponyoke, halafu acheke kwa sauti, amkoge, acheze, aseme lolote linalomjia. Huyu ni mwandishi anayeheshimika kwa uzito wake wa kupanga mambo kwa mafungu, na bado alipofika kwenye busu aliona ni lazima aeleze kununa kwa uongo, kisasi na vicheko. Aliona kwamba utani ni sehemu ya ufundi.

Kucheka katikati ya busu hakuharibu kitu. Meno yakigongana, pua zikipishana vibaya, mmoja akapaliwa, hapo ndipo wawili wanapogundua kama wanaweza kuwa wepesi mbele ya mwenzao. Kuna kipimo cha kufurahisha kuhusu pua. Mtafiti Onur Güntürkün aliwaangalia wapenzi 124 wakibusiana (yaani jozi 124) katika viwanja vya ndege, vituo vya treni, fukwe na bustani za Marekani, Ujerumani na Uturuki, akachapisha matokeo mwaka 2003: karibu theluthi mbili waliinamisha kichwa upande wa kulia. Ukitaka kumshtua mpenzi aliyekuzoea, njoo siku moja kwa upande usio wako. Mambo yote ya pua yataanza upya na mtacheka.

Busu lina safari pia. Midomo ndiyo makao yake, lakini paji la uso, kope, kidevu, nyuma ya sikio, shingo na bega vina raha ya aina nyingine kabisa. Ngozi yenye vinyweleo, hata vile visivyoonekana, ina neva za pekee zinazopeleka taarifa polepole. Kazi yake si kueleza umbo wala ukali wa kinachogusa. Huitikia zaidi ngozi ikipapaswa kwa mwendo wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, yaani ule mwendo ambao mtu humpapasa mtoto au mpenzi bila kufundishwa, na hupenda kitu chenye joto kama la ngozi, nyuzi 32 hivi. Kipimo cha mwendo kilichapishwa na Line Löken na wenzake mwaka 2009. Cha joto kilifuata miaka mitano baadaye. Midomo inayoteremka taratibu kutoka sikioni hadi begani inatimiza masharti yote mawili. Ukienda mbio, neva hizo husema kidogo tu. Ndiyo maana mtu anaweza kubusiwa shingoni mara kumi kwa haraka asihisi lolote, kisha mara moja polepole akasisimka mwili mzima.

Ustadi uliopo ni wa kuondoka na kurudi. Midomo ikiachwa kwa muda, inasubiri. Ukiipitia kope, ukashuka shavuni, ukapita karibu na pembe ya mdomo bila kusimama, mwenzako atageuza uso kukufuata. Mwache akufuate. Halafu acha yeye aongoze, kwa sababu mchezo wenye kiongozi mmoja milele unakuwa kazi.

Kuhusu denda, nina neno moja la kusisitiza. Denda ni mazungumzo: ulimi unauliza, unasubiri kujibiwa, unaondoka, unarejea. Anayeanza kwa kuujaza mdomo wa mwenzake amekwisha kujibu maswali yote kabla hayajaulizwa. Mwaka 2007 Susan Hughes, Marissa Harrison na Gordon Gallup walichapisha utafiti uliohusu zaidi ya wanafunzi 1,000 wa chuo nchini Marekani, na mojawapo ya waliyoyaona ni kwamba wanaume walielekea kupenda busu lenye unyevu na ulimi zaidi ya wanawake. Hiyo ni wastani wa kundi, haimhusu mpenzi wako binafsi. Inafaa itukumbushe tu kwamba kipendacho mmoja huenda kikamzidi mwingine, na njia ya kujua ni kuanza kidogo, kusikiliza mwili wake unajibu vipi, kisha kuongeza au kupunguza. Anayesikiliza kwa midomo yake hahitaji kuambiwa mara mbili.

## Mshangao bila usalama ni hofu

Nirudi kwenye kutekenya. Mtu unayemwamini akikutekenya, unacheka na kumkimbia huku ukitamani akufuate. Mtu usiyemwamini akikugusa ubavuni vile vile, mwili wako unakakamaa. Mguso ni mmoja, mshangao ni mmoja, na bado kimoja ni furaha na kingine ni dhuluma. Hivyo hivyo kwa busu. Wale wanaosema kwamba kuomba ruhusa kunaua raha wameona nusu ya mshangao wakaisahau ile nusu inayoufanya uwe mtamu.

Kuomba kwenyewe ni mchezo mzuri mtu akijua kuucheza. "Nikubusu?" ikisemwa kwa sauti ya chini, kwa ukaribu, kisha mtu akasubiri kwa kweli, inatengeneza lile pengo la kutojua ambalo nimelieleza juu. Anayeulizwa anaweza kusema ndiyo, anaweza kujibu kwa kusogea, anaweza kusema "bado" kwa tabasamu. Anaweza pia kusema hapana, na hapana ikipokelewa kwa upole huacha mlango wa heshima wazi.

Kusubiri jibu kuna alama zake. Mwenzako anayetaka husogea pia, mkono wake hutafuta mahali pa kushika, midomo yake hujibu. Asiyetaka hutulia tu, au hugeuza shavu, au hukaza mabega. Kimya kisichojibu si kibali. Kwa watu wazima wawili wanaopendana, hata walio kwenye ndoa ya miaka mingi, kanuni hii haifutiki. Uchovu, huzuni, kichwa kinachouma, ugomvi usioisha: siku nyingine mwili hautaki kuguswa mdomoni, na mpenzi anayelitambua hilo bila kununa anajiwekea akiba kubwa ya mabusu ya baadaye.

Hapa pia ndipo maelezo ya homoni yanapopwaya. Wendy Hill wa Chuo cha Lafayette, Marekani, alipima wapenzi wa umri wa chuo kabla na baada ya kubusiana, akaeleza matokeo mwaka 2009. Kotisoli, homoni inayohusiana na msongo wa mawazo, ilishuka. Oksitosini, ambayo watu huiita homoni ya mapenzi, ilipanda kwa wanaume lakini si kwa wanawake. Hill mwenyewe alishuku kwamba mahali walipopimiwa, chumba cha kituo cha afya, palikosa mahaba. Kundi lilikuwa dogo, na sitaujengea mnara. Lakini nakubaliana na shaka yake: busu halitoki mdomoni peke yake. Taa, faragha, kelele, hofu ya kuonwa, kumbukumbu ya maneno yaliyosemwa asubuhi, vyote vinaingia mle ndani.

## Busu la kwanza, na hukumu ya haraka

Katika uchunguzi wa Gallup na wenzake niliowataja juu, zaidi ya nusu ya wanaume na zaidi ya nusu ya wanawake walisema wamewahi kuvutiwa na mtu, wakambusu mara ya kwanza, kisha hamu ikaisha. Rafael Wlodarski na Robin Dunbar wa Oxford, mwaka 2013, walipendekeza kwamba busu lina kazi mbili kubwa: kumpima mtu mwanzoni, na kuwashikamanisha wapenzi baadaye. Ni kweli kwamba kwa sentimita sifuri unajua mengi kuhusu mtu. Unajua pumzi yake, harufu yake, kama ana haraka, kama anakusikiliza.

Ila ningewasihi watu wasiyaamini sana matokeo ya mtihani wa kwanza. Mtu mwenye wasiwasi mdomo hukauka, misuli hukaza, na akili yake iko kwenye swali la kama anafanya vizuri. Huyo hajawa na nafasi ya kukusikiliza. Harufu usiyoipenda hata kidogo inaweza kuwa ujumbe wa kweli. Ukavu, kigugumizi cha midomo na pua kugongana ni dalili za mtu anayejali. Busu la tatu au la nne, siku woga umepungua, linasema ukweli zaidi.

Nalisema hili pia kwa sababu kubusiana hakuji kamili na kuzaliwa. Mwaka 2015 William Jankowiak, Shelly Volsche na Justin Garcia walipitia kumbukumbu za tamaduni 168 duniani na kukuta busu la kimapenzi la mdomo kwa mdomo katika asilimia 46 tu. Bronisław Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, miaka ya 1910, aliandika kwamba wapenzi wa huko walikuwa wakitafunana ncha za kope kama ishara ya mahaba. Kwa upande mwingine, mabusu yameandikwa huko Mesopotamia tangu mwaka 2500 KK hivi, sokwe mtu hubusiana wanapopatana baada ya ugomvi, na bonobo, ndugu zao wa karibu, huenda mbali zaidi, hutumia hata ulimi. Hamu ya kuukaribia uso wa umpendaye ni ya kale sana. Namna ya kuitimiza kila wawili hujifunza wenyewe, na waliokuwa wakitafunana kope hawakuwa wamepungukiwa na kitu.

## Mambo machache ya afya

Remco Kort na wenzake nchini Uholanzi walionyesha mwaka 2014 kwamba denda la sekunde 10 linaweza kuhamisha hadi bakteria milioni 80. Idadi inatisha kuisikia, ila wengi wao hawana madhara kwa mtu mwenye afya, na wapenzi wanaobusiana mara nyingi huishia kuwa na bakteria wa mate wanaofanana. Virusi ndivyo vya kuangaliwa. Malengelenge ya mdomoni yanaambukiza sana hasa yakiwa wazi, basi yakitokea, mabusu yasubiri mpaka yapone, na mtoto mchanga asibusiwe kabisa na mwenye malengelenge kwa sababu kwake maambukizi hayo yanaweza kuua. Virusi vya Epstein-Barr, vinavyoleta homa ya tezi, navyo husafiri kwa mate. VVU havienezwi kwa mate. Mwenye mzio mkali wa karanga au chakula kingine amwambie mpenzi wake mapema, maana mabaki ya chakula mdomoni yanaweza kuamsha mzio huo. Mengine ni mswaki, maji ya kutosha na mafuta ya midomo, na kumwambia mwenzako kwa upendo pale pumzi yake inapobadilika, kwa kuwa huenda jino au fizi inahitaji daktari.

## Mabusu yanakoenda miaka ikipita

Wapenzi wapya hubusiana mpaka midomo inavimba. Miaka ikipita, wengi hubakiwa na mabusu ya aina mbili: lile la mlangoni lisilodumu hata sekunde, na lile linaloashiria kwamba kuna jambo linatakiwa kitandani. Katikati palikuwa na bahari nzima, imekauka. Sioni kwamba mapenzi ndiyo yaliyoisha. Kilichoondoka ni kutojua. Busu la mlangoni linajulikana lote kabla halijaanza, kwa hiyo ubongo unalishusha makali kama unavyoushusha mguso wa mkono wako mwenyewe. Na busu la kitandani limekuwa barua yenye ombi. Aliyechoka akiliona linakuja, anageuza uso mapema ili asije akaonekana ameahidi, na hivyo hata mabusu ambayo angeyafurahia anayakwepa. Mwombaji naye anadhani amekataliwa yeye. Nimewasikia wengi wakilia na jambo hili, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja alidhani liko nyumbani kwake tu.

Mwaka 2009 Kory Floyd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliwachukua watu wazima 52 waliokuwa wakiishi na wenzi wao. Baadhi yao waliambiwa waongeze mabusu kwa wiki 6. Wengine hawakuambiwa kitu. Walioongeza mabusu waliripoti msongo mdogo zaidi na kuridhika zaidi na uhusiano wao, na hata lehemu (kolesteroli) katika damu yao ilishuka. Hawakufundishwa ufundi wowote. Waliongeza tu.

Kwa wawili wanaotaka kuirudisha ile bahari, ningeanza na makubaliano yanayosemwa kwa maneno: kuna nyakati tutabusiana na mabusu yataishia kwenye mabusu. Likishasemwa hilo na likaheshimiwa, aliyekuwa akikwepa hana tena sababu ya kukwepa, na umakini wake wote unarudi kwenye midomo. Usalama umerudi, sasa mshangao una mahali pa kukaa. Mbusu akiwa anapika, nyuma ya shingo, uondoke bila kusema kitu. Lirefushe lile la mlangoni mpaka mmoja wenu acheke. Mwibie busu katikati ya sentensi yake, kisha umwombe aendelee na alichokuwa akisema. Wekeaneni dau kama la Vatsyayana, na atakayeshindwa ana haki ya kubisha matokeo na kudai raundi nyingine.